Tovuti inayosomeka Mwaloni saa sita mchana: mwongozo kwa mwenye biashara ndogo Mwanza

Simama sokoni Mwaloni, Kirumba, saa sita mchana, uangalie watu wanavyotumia simu. Jua liko utosini, mwanga unarudi kutoka ziwani na kwenye mabati. Mama mmoja anayenunua dagaa wa kusafirisha ameshika simu mkono wa kushoto. Kioo kina ufa unaoanzia kona ya juu, na kwa mkono wa kulia amevuta pindo la kanga kuikinga simu na jua. Anabonyeza kwa kidole gumba, na bando lake ni la siku. Huyo ndiye unayemtengenezea tovuti. Bosi anayetaka kitu cha kuwaonyesha wageni, na fundi mwenye kompyuta kubwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, wasubiri.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: biashara ya kuuza dagaa kwa jumla hapo Mwaloni, yenye wateja wa mjini na wa mbali. Kama wewe una gesti Nyakato au saluni Igoma, badilisha bidhaa tu, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Kusanya maswali ya wateja kabla ya kugusa kompyuta

Chukua simu ya biashara, fungua WhatsApp, soma ujumbe wote wa wateja wa mwezi uliopita. Nakili maswali kama yalivyoulizwa, usiyasafishe. Kwa muuza dagaa yatakuwa ya namna hii: "Gunia leo shingapi?" "Ni wa mchanga au wa chanja?" "Mnatuma mpaka Tunduma?" "Nalipaje?" "Mpo upande gani wa soko?" Kisha weka alama kila swali linapojirudia. Lililorudiwa zaidi ndilo linalokaa juu kabisa ya ukurasa wa mbele, na jibu lake lionekane bila mtu kuskroli.

Tovuti nyingi za hapa mjini zinaharibikia hapa. Unafungua, unakutana na picha kubwa ya Jiwe la Bismarck, juu yake maneno "Karibu kwenye tovuti yetu", halafu salamu za mkurugenzi, halafu dira na dhamira. Sijawahi kumwona mteja anayeuliza dhamira ya kampuni kwenye WhatsApp. Kama ni lazima ziwepo, zihamishie ukurasa wa "Kuhusu sisi", anayezitaka atazikuta. Zile picha zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa nazo ziondoe: mtu anaanza kusoma maneno, picha inakimbia nayo. Picha moja iliyotulia, ya dagaa wako mwenyewe, inatosha.

Hatua ya 2: Kurasa chache, majina ya kawaida

Kwa biashara hii kurasa nne zinatosha: Bei, Kutuma mzigo, Tulipo, Kuhusu sisi. Usiite ukurasa wa bei "Suluhisho zetu". Ukitumia ile alama ya mistari mitatu, andika neno "Menyu" pembeni yake, kwa sababu si kila mtu anajua kwamba vile vistari vinabonyezwa.

Kumbuka pia kwamba wengi hawaingilii mlango wa mbele. Mtu wa Kahama akitafuta Google jinsi ya kuagiza dagaa, anaweza kuangukia moja kwa moja ukurasa wa kutuma mzigo. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na jina la biashara, njia ya kurudi mwanzo na kitufe cha kupiga simu.

Hatua ya 3: Anza na skrini ndogo

Wabunifu wengi huchora kwanza ukurasa wa kompyuta, halafu wanaubana uingie kwenye simu. Geuza. Chora kwanza kwenye upana wa pikseli 360 (ni kipimo cha mpangilio wa ukurasa, nukta halisi za kioo huwa nyingi zaidi), ambao ndio wa simu nyingi za bei ya chini, kisha uache mpangilio upanuke skrini inapokuwa kubwa. Mtindo huu wa ukurasa mmoja unaojirekebisha kulingana na kioo ulipewa jina na mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte mwaka 2010, na leo karibu mifumo yote ya kutengenezea tovuti inauweza. Ila kama unaandika msimbo (code) mwenyewe, au umempa kijana wa chuo akuandikie, hakikisha mstari huu upo sehemu ya juu ya kila ukurasa:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Usipokuwepo, kivinjari cha simu (Chrome, kwa mfano) kinajifanya kina upana wa pikseli 980 hivi, kisha kinaukunja ukurasa mzima uingie kwenye kioo. Matokeo yake ni herufi kama mchanga, na mteja analazimika kukuza kwa vidole viwili na kuburuta kushoto na kulia ili amalize sentensi moja.

Herufi za maandishi ya kawaida zisipungue pikseli 16. Hata ndani ya visanduku vya fomu fuata kipimo hicho. iPhone ikikuta kisanduku chenye herufi ndogo kuliko hapo, inaukuza ukurasa wote mara tu mtu anapokigusa, na mpangilio unavurugika.

Vitufe navyo viwe vya kidole. Apple wanashauri visipungue pointi 44 kwa upana na urefu, Google wanasema 48, na WCAG 2.2, viwango vya kimataifa vya mwaka 2023 vya kuwezesha tovuti itumiwe hata na wenye ulemavu, vinaweka kima cha chini cha pikseli 24. Mimi nafuata 48. Kidole kilichotoka kuchambua dagaa hakilengi vizuri, na kioo chenye ufa kina sehemu zisizosikia. Vitufe viwili visigusane pia, hasa "Piga simu" na "Futa".

Hatua ya 4: Punguza uzito

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ya mteja inapoliwa. Kila kitu kinachofunguka kwenye ukurasa wako kinalipiwa na bando lake. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 3 mpaka 5. Ukiweka picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa wa mbele, umemla mtu wa Nansio MB 40 kabla hajaona bei. Na hatazisubiri, atafunga.

Fanya hivi kwa kila picha. Kwanza ikate, ubakize kinachohitajika: dagaa waonekane, mguu wa mpiga picha usionekane. Pili punguza upana mpaka pikseli 1,000 hivi. Kioo cha simu hakitumii zaidi ya hapo kwa faida yoyote. Tatu ihifadhi kwa muundo wa WebP, au JPEG yenye ubora wa 75 hivi. Kukata unaweza kwenye simu yenyewe; kwa hatua ya pili na ya tatu kuna zana ya bure inaitwa Squoosh inayozifanya ndani ya kivinjari na kukuonyesha picha ya kabla na ya baada bega kwa bega. Picha nyingi za bidhaa zitashuka chini ya KB 150 na macho ya kawaida hayataona tofauti.

Picha zilizo chini ya ukurasa ziwekee `loading="lazy"`, ili zisubiri mpaka mtu azifikie. Na kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye msimbo. Usipoandika, kivinjari hakijui kiache nafasi kiasi gani. Maneno yanatangulia, picha inafika baadaye na kuyasukuma chini, na mtu aliyekuwa anataka kubonyeza "Angalia bei" anajikuta amebonyeza kitu kingine. Google wanaupima mruko huu na wanataka usizidi 0.1 kwa kipimo chao. Wanataka pia kile kitu kikubwa zaidi kinachoonekana juu ya ukurasa kiwe kimefika ndani ya sekunde 2.5. Vyote unaweza kuvipima bure kwenye PageSpeed Insights: bandika anwani ya tovuti, chagua matokeo ya simu, soma.

Mdenmark Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akisubiri zaidi ya sekunde moja, mawazo yake yanakatika, na akifika sekunde kumi anaanza kutafuta la kufanya. Kompyuta zimebadilika sana tangu wakati huo, binadamu hajabadilika.

Halafu kuna mabango. Kijana anatengeneza bango zuri lenye bei zote, namba ya simu na maua pembeni, linawekwa kwenye tovuti kama picha, basi, kazi imeisha. Bango hilo Google haiwezi kulisoma kama inavyosoma maandishi, programu inayomsomea asiyeona itanyamaza, namba ya simu haibonyezeki, na kwenye kioo kidogo herufi zinakuwa nukta. Bango liache Instagram. Kwenye tovuti, bei ziwe maandishi kwenye jedwali la kawaida. Vivyo hivyo kwa faili la PDF la bei: mteja analazimika kulipakua, na kesho ana faili la jana.

Video inayocheza yenyewe, muziki unaoanza ghafla na fonti sita tofauti, toa.

Hatua ya 5: Rangi zinazovumilia jua

Kijivu chepesi kwenye weupe kinapendeza sana ndani ya ofisi. Mtoe mtu nje, hakuna kitu. WCAG inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Kijivu cha #999999 (hivi ndivyo rangi inavyoandikwa kwenye msimbo) juu ya nyeupe kinapata 2.85 tu, kwa hiyo kimefeli. #767676 ndicho kinachopita kwa shida. Kwa matumizi ya nje mimi sishuki chini ya #595959, ambacho kinafika 7 kwa 1, na mara nyingi naandika kwa weusi tu.

Epuka kuandika juu ya picha. Maneno meupe juu ya anga la ziwa yanapotea kila wingu linapopita. Kama huwezi kuacha, weka kipande cha rangi nzito nyuma ya maneno.

Na usiiachie rangi peke yake kusema jambo. Kitone chekundu na kitone cha kijani kwa bidhaa iliyokwisha na iliyopo havimsaidii asiyetofautisha rangi hizo. Andika "Wapo" na "Wamekwisha".

Hatua ya 6: Bei, vipimo, tarehe na saa

Miongozo mingi ya kigeni haigusi haya, lakini kwa biashara ya huku ndiyo yanayoleta ugomvi.

Bei ya dagaa haikai. Wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika na mzigo unapungua sokoni. Bei ya juzi inaweza kuwa haina maana leo. Kwa hiyo kila bei iwe na tarehe yake, iliyoandikwa karibu na bei yenyewe na si chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo. Tarehe yenyewe iandike kwa jina la mwezi: "5 Juni". Ukiandika 05/06, mwingine atasoma Juni na mwingine Mei.

Gunia si kipimo kimoja. Limejazwa vipi, limeshindiliwa au halikushindiliwa, ndiyo maana wateja wa mbali wanapiga simu mara tatu kabla ya kulipa. Andika kilo pembeni ya gunia, na pembeni ya ndoo pia. Tenganisha dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja, kila mmoja na safu yake na picha yake ya karibu. Bei nayo iandike kamili, yenye mkato wa maelfu na neno Sh mbele. "120" ikimaanisha laki na ishirini inaeleweka sokoni, ila haieleweki kwa mteja wa Lubumbashi.

Saa ni mtego mwingine. Kisanduku cha kuchagulia saa kwenye simu kinahesabu kwa saa za kompyuta, wakati mteja anahesabu kwa saa zetu. Ukimwambia mzigo unaondoka stendi ya Nyegezi "saa 10:00" bila neno la ziada, mmoja atafika asubuhi na mwingine jioni, na wote watakuwa na haki. Andika "saa 10 jioni (16:00)". Kwenye fomu, badala ya saa kamili, mpe achague Asubuhi, Mchana au Jioni, kisha mkubaliane kwa simu.

Ukurasa wa "Tulipo" usitegemee ramani pekee, maana ramani ni nzito na pini huwa inakaa barabarani. Eleza kama unavyomwelekeza mtu kwa simu: daladala ya kupanda, kituo cha kushuka, jengo analoliona, rangi ya mlango. Ramani ikae chini kama kiungo.

Hatua ya 7: Mawasiliano, malipo na fomu

Namba ya simu iwe kiungo kinachoanza na `tel:` ili ikibonyezwa simu ipige. Kiungo cha WhatsApp kinaandikwa wa.me, mkwaju (/), kisha namba yenye 255 mbele, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Kosea hapo kitufe kitafunguka na kusema namba haipo.

Ukiandika lipa namba yako, andika pia jina litakalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Mtu anayetuma milioni mbili kutoka Tunduma bila kukuona anatafuta hicho tu: jina kwenye tovuti lifanane na jina kwenye simu. Likitofautiana, hata kama ni la mke wako na ni halali kabisa, atasita. Tovuti yako ifunguke kwa https, cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt na kampuni nyingi za hosti zinakiweka zenyewe. Bila hicho kivinjari kinamwonya mteja kwamba tovuti si salama, na hapo umempoteza.

Fomu iwe fupi. Jina (kisanduku kimoja, usimtese kwa jina la kwanza, la kati na la ukoo), namba ya simu, anataka nini. Barua pepe isiwe lazima, wateja wako wengi hawaifungui. Kisanduku cha namba kipe `type="tel"` ili kibodi ya tarakimu itokee yenyewe. Kipokee namba kwa mtindo wowote atakaoandika, iwe 07 au +255, yenye nafasi katikati au isiyo nayo. Kazi ya kuisafisha ni ya kompyuta. Akikosea, mwambie kilichokosewa: "Namba imepungua tarakimu moja" inamsaidia, "Taarifa batili" inamfukuza. Na mtandao ukikatika katikati, aliyoyaandika yabaki.

Usiombe usichokihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakutaka ukusanye taarifa za mtu kwa lengo linalojulikana na kwa kiasi cha lengo hilo. Muuza dagaa hana sababu ya kuuliza tarehe ya kuzaliwa wala namba ya NIDA.

Mambo mawili madogo ya kumalizia msimbo: andika `lang="sw"` mwanzoni ili kivinjari na programu za kusoma kwa sauti zijue ni Kiswahili, na kila picha uipe maelezo mafupi ya maneno kwa ajili ya asiyeiona.

Hatua ya 8: Wape watu simu, unyamaze

Nielsen huyo huyo mwaka 2000 alishauri kwamba watu watano wanatosha kukufichulia matatizo mengi ya tovuti. Tafuta watano ambao si ndugu wala wafanyakazi wako. Nenda nao nje, juani, watumie simu zao wenyewe na si yako. Wape kazi moja moja: "Niambie gunia la dagaa wa chanja leo ni bei gani." "Nataka mzigo ufike Kahama, nafanyaje?" Kisha unyamaze. Hapa ndipo wenye biashara wanashindwa, mteja akisita kidogo tu, mwenye tovuti anarukia: "Hapo juu, hapo juu, bonyeza hapo!" Ukishaonyesha, jaribio limekufa. Angalia kidole chake kinapoenda kwanza, angalia anarudi nyuma wapi, sikiliza anachonung'unika. Akikwama, andika alipokwama, usimwambie kwamba ni rahisi.

Wakikwama watatu kati ya watano mahali pamoja, hapo ndipo pa kuanza kurekebisha, hata kama ndipo palipokugharimu zaidi. Ukimaliza, tafuta watu wengine. Wale wa kwanza wameshaijua njia.

Hatua ya 9: Panga nani anabadilisha bei

Amua kabla tovuti haijaenda hewani: nani, saa ngapi, kwa simu gani. Kama fundi ndiye pekee anayeweza kubadilisha bei, utampigia mara mbili, ya tatu utaona aibu, na bei zitabaki za mwezi jana. Mwambie akuwekee sehemu unayoingia kwa simu, ubadilishe tarakimu na tarehe, uhifadhi. Fanya naye mazoezi mpaka kijana wa dukani aweze bila kumuuliza mtu.

Na kama unaona hakuna atakayeandika bei kila siku, ondoa kabisa safu ya bei. Mahali pake weka kitufe kikubwa cha WhatsApp kilichoandikwa "Uliza bei ya leo".